Wadogo wa Rangi ya Matope

Kwa miaka tisa Nasambu alifuga samaki wa dhahabu nyuma ya nyumba yao Kitale, na kwa miaka tisa mumewe Wangila alimcheka. Samaki gani huyo haliwi na ugali? Nasambu aliendelea na kazi yake. Alichagua wenye mkia mmoja mrefu tu, maana wale wa mikia miwili, pamoja na maringo yao yote, baridi ya Julai iliwamaliza. Wake walistahimili.

Yeye mwenyewe, homa ya wiki mbili ilimshinda. Alizikwa Aprili, na wiki ya matanga jike wa mwisho akakutwa akielea. Wakabaki madume wanne, na vifaranga waliokuwa wametoka mayaini majuzi tu. Hao ndio aliowatumainia Joan, binti yao anayesoma chuo huko Kibabii. Likizo ikifika angewahamishia bwawa jipya, na kazi ya mama ingeendelea.

Alipofika alimkuta baba yake kando ya bwawa la mama, suruali imekunjwa hadi magotini, matope mpaka kwenye ndevu. Maji yalikuwa safi ya kunywa. Ndani, samaki wanne wekundu.

"Nimekutengenezea, mama," alisema Wangila, akicheka kwa mara ya kwanza tangu mazishi. "Si unajua nilikuwa siguzi hii kitu? Nikasema wacha hata mimi nimfanyie mama yako kitu moja. Ilikuwa imejaa tusamaki twa mto, tweusi tweusi, sijui tuliingilia wapi. Nimetoa yote na neti. Bata wa jirani Jerono wamekula mpaka wakashindwa."

Joan aliinama akachungulia majini. Samaki wa dhahabu huzaliwa na rangi ya matope. Dhahabu huja miezi baadaye. Yeyote aliyewahi kusimama na Nasambu pale bwawani aliambiwa hilo. Wangila hakuwahi kusimama. Hasira zilimpanda Joan, akataka kumwambia yote, tena kwa ukali, aumie. Kisha akaiona mikono ya mzee, imechubuka kwa kusugua kuta.

"Asante, Baba. Mama angefurahi."

"Sasa hawa watazaa lini? Nataka kuona watoto wao. Hii mara nitakuwa hapa mwenyewe, kila siku."

"Bado kidogo," alisema Joan, akiwatazama wale madume wanne, na baba yake akaenda kuleta kiti.