Maneno Yaliyochelewa Kumfikia Shakuru

Asubuhi moja, nyumbani kwake mtaa wa Nyakabiga, Adija alikuwa akimimina chai. Akamuuliza mwanawe Shakuru kama amwongezee sukari. Shakuru alitazama kikombe, akanywa hivyo hivyo. Jibu lilitoka kesho yake, alipokuwa akifunga viatu: "Kidogo tu, mama."

Ilikuwa hivyo tangu aanze kuvuta bangi aliyouza Rachid, nyuma ya gereji ya mtaani. Inaanza polepole, wewe mama unadhani mtoto amechoka. Mwanzoni maneno yalichelewa kama mtu anayetafuta ufunguo. Baadaye yakawa yanalala nje. Muuguzi alimpima masikio, akakuta ni mazima. "Ni kichwani, mama. Moshi umekaa mlangoni, maneno yanapanga foleni." Akaita mgonjwa mwingine.

Wakazoea. Adija alimuuliza leo atakachokula kesho. Majirani walimtania, "Shakuru, shika salamu ya kesho kabisa!" Rachid naye alicheka. "Ni majani tu, mama Shakuru. We unaogopa majani?"

Siku moja Shakuru alikuwa anatoka kwenda bandarini kupakia saruji. Adija alimshika mkono.

"Utaacha lini hiyo kitu?"

Shakuru akamtazama, akaenda.

Bandarini kamba ya winchi iliyoinua mifuko ya saruji ilikatika. Sulemani, aliyekuwa akipakia naye, alipiga kelele, "Toka hapo!" Wote walitoka. Shakuru alibaki amesimama, anatazama mifuko ikishuka, hana wasiwasi wowote.

Walimzika jioni ile ile.

Kwenye matanga hakuna aliyekalia kiti cha Shakuru. Wanawake walikuwa wakigawa chai sauti yake ilipotoka pale kitini. "Kesho, mama. Naacha kesho."

Adija akaweka birika chini. "Haya, mwanangu," akasema.

Chai ikaendelea. Halafu kiti kikaruka kando, kikagonga ukuta. Watu wakakusanya miguu. Sulemani akajifunika uso kwa kofia yake.

"Ndiyo kwanza amenisikia," akasema.

Rachid alikuwa mkekani na wengine. Alikuwa ameleta sukari ya matanga. Aliinuka, akakirudisha kiti mahali pake, akaaga. Nyuma ya gereji watu walikuwa wanamngoja.

Adija alimfuata mpaka mlangoni. "Rachid, usiwauzie tena watoto wa wenzio."

Rachid akamtazama, akaenda.

Na yeye mwenyewe havuti bangi.