Moshi wa Mji Mzima

Fundi cherehani alikuwa akishona upindo wa shati la shule, mlango wazi apate mwanga, moshi wa mji ulipoingia. Uliingia wote: wa malori, wa viwanda, wa majalala. Ulipita juu ya cherehani, ukakata kushoto, ukatua chumba cha nyuma alikolala mama yake, mgonjwa wa pumu.

"Mwanangu, umeunguza nini?" mama aliuliza.

"Sijaunguza kitu, mama. Ni moshi wa mji."

"Haya. Uambie basi ufunge mlango."

Nje anga ikawa buluu. Watu walianika mashuka bila wasiwasi, na milima ambayo watoto waliijua kwa kusimuliwa tu ikaonekana hadi vileleni. Redio ikatangaza kwamba mji umeingia kwenye shindano la miji safi, na majaji wako njiani. Hakuna kiwanda kilichozimwa wala lori lililoegeshwa.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," mama alisema, akikohoa. "Huyu jembe hashiki."

Bwana afya alikuja, akasimama kizingitini na kitambaa puani. Hakuuliza moshi umeingiaje; alikuwa mtu mzima, ameona mengi. Fundi akamweleza kwamba anataka kumhamishia mama kwa dada yake, ng'ambo ya mto, kwa sababu hali yake inazidi kuwa mbaya.

"Hameni tu," alisema bwana afya. "Ila moshi huu unataka nyumba yenye mtu. Nyinyi mkitoka, utaingia pale." Akaonyesha kwa jirani.

Jirani alikuwa kibarazani, ananyonyesha kichanga chake. Alisikia kila neno. Hakuomba chochote. Alimfunika mtoto uso kwa mtandio, akaingia ndani.

"Na viwanda je? Haviwezi kuzimwa?" fundi aliuliza.

"Dada, majaji wanafika wiki ijayo," bwana afya alijibu kwa upole, kana kwamba hilo ni jibu.

Jioni fundi alifunga mizigo. Mama akakataa kuinuka.

"Kile kitoto hata shingo haijakaza," alisema, akitweta. "Mimi nimekula chumvi nyingi. Fungua hayo mabegi, mwanangu."

Fundi alilia sana, kisha akayafungua.

Mji ulishinda. Matarumbeta yalipigwa, na hotuba ikasema kila mkazi ametoa mchango wake. Mama alikata roho ngoma zikilia. Fundi alikuwa ameushika mkono wake, lakini kwa zile kelele za furaha hakuisikia pumzi ya mwisho, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Walimzika kesho yake. Siku ilikuwa nzuri, na milima ilionekana hata kutoka makaburini. Jirani alilia kuliko ndugu wa damu.

Bwana afya naye alikuja kutoa pole, beji mpya ya kijani kifuani. Alisubiri watu watawanyike, akamsogelea fundi.

"Pole sana, dada. Mungu amlaze mahali pema." Akaiweka sawa beji yake. "Sasa, nyumbani atabaki nani?"

Fundi alimtazama jirani, aliyekuwa akimbembeleza mtoto kando ya njia. Mtoto alikuwa amenenepa.

"Mimi," alisema.

Bwana afya alimshukuru kwa niaba ya wakazi wote. Kisha akavuta pumzi ndefu, akaenda zake.