Kilima Kilichonishikia Siti

Jana usiku niliota baiskeli zangu zimefanya kikao, na mimi sikualikwa.

Nilizikuta uwanjani nyuma ya banda langu, pale Konde, zimekaa kwenye viti vya plastiki ambavyo majirani walikuwa wameviazima kwa ajili ya harusi. Zilikuwa zimekunja magurudumu ya mbele kwa adabu. Mwenyekiti ni ile ya kijani, kongwe kuliko zote, isiyo na madigadi ya nyuma. Ikanimulika kwa taa yake, kisha ikawageukia wenzake.

"Mwenyewe kaja," ikasema. "Tuendelee."

Kabla sijafika mbali nieleze jambo moja, maana bila hilo ndoto hii haina miguu. Mimi naitwa Kazija, na kazi yangu ni kukodisha baiskeli kwa wageni wanaokuja kutembea kaskazini mwa Pemba. Naziba pancha, nakaza breki, najua kila shimo kutoka Konde mpaka mnara wa taa wa Kigomasha. Kitu kimoja tu sikijui, nacho ni kuendesha. Nilipokuwa mdogo waliofundishwa ni wavulana, na nilipokuwa mkubwa hapakuwa na mtu wa kunishikia siti kwa nyuma. Kwa hiyo wageni huongozwa na mdogo wangu Faki, mimi nafuata kwenye gari la mizigo, nimejikausha.

Basi juzi akapiga simu Bi Rehani wa Tanga. Ana kundi la wanawake wanaotaka kuzunguka Pemba kwa baiskeli, na sharti lao ni moja: atakayewaongoza awe mwanamke, tena atangulie mbele juu ya baiskeli yake. Kama hayupo, wao waende zao Unguja. "Yupo," nikasema. Akauliza ni nani. "Ni mie," nikasema, na neno lilinitoka hivi hivi, kama chafya. Watu hao wanashuka Wete leo asubuhi. Nililala na hofu hiyo, na ndiyo niliyoota nayo.

Kikao kikaendelea.

"Ajenda ni moja," ikasema ya kijani. "Miaka yote tumekodishwa sisi. Sasa tunakodi."

"Mnakodi nini?" nikauliza.

"Wewe."

Nikaona ni haki. Katika ndoto mtu huona mambo mengi sana ni haki.

Kwetu baiskeli haitoki bandani mpaka ikaguliwe mbele ya mteja: breki, upepo, kengele, na kila kasoro itajwe kwa sauti ili wakati wa kurudi pasiwe na ubishi. Zikanikagua vivyo hivyo. Nyekundu inaniinua mguu na kuuzungusha. Ile yenye kikapu inanibonyeza mashavu kuona kama upepo unatosha. Ndogo ya kitoto inanibana pua, nami bila kutaka natoa sauti: krin!

"Kengele nzima," ikasema.

"Breki?" akauliza mwenyekiti.

"Breki anazo nyingi mno," ikajibu nyekundu. "Hapo ndipo penye ugonjwa wake."

Ya kijani ikanitangazia. "Kasoro wakati wa kutoka: hajui kuendesha. Anatoka hajui, atarudi hajui. Kilichokodiwa kirudi kama kilivyotoka. Usitulaumu sisi, sharti hilo uliliandika mwenyewe ukutani."

Nikatazama ukutani. Kweli, ni mwandiko wangu, na rangi ya buluu niliyoinunua mimi.

"Na tunakwenda wapi?"

"Mnara wa taa. Vaa kofia."

Kofia zote zilikuwa zimevaliwa na baiskeli zenyewe, nikavaa sufuria. Nikainamisha kichwa kuliweka sawa. Nilipokiinua, banda halikuwepo.

Nimesimama barabarani. Mbele yangu kuna kilima, na pande zote mbili za lami karafuu zimeanikwa kwenye majamvi, harufu yake inaingia mpaka machoni. Kilima hicho nakijua. Kiko upande wa Wete, sijui kilifuata nini kwetu. Nakipanda kwa miguu, na baiskeli zinanifuata kwa mstari mmoja, kimya, kama watu wanaosindikiza bibi harusi. Sijafika nusu, pumzi imekwisha.

"Sharti," inasema ya kijani. "Kilima kikikushinda, shuka usukume."

"Sina cha kushuka," nasema. "Wala sina cha kusukuma."

"Na hicho kilima je?"

Nikaweka mikono yote miwili kwenye kilima, nikasukuma. Kikasogea. Kilikuwa chepesi kuliko kinavyoonekana, kazi ilikuwa kukianzisha tu.

"Taratibu, bibi," kikasema kilima kwa sauti ya mtu aliyekatizwa usingizi. "Nina watu juu."

Kweli walikuwepo. Bi Asaa, jirani yangu mtu mzima, alikuwa kule juu anageuza karafuu zake kwa mguu. Hakushtuka hata kidogo.

"Kazija, siku hizi hata shikamoo hamna?"

"Shikamoo, Bi Asaa."

"Marahaba. Wakipeleka wapi hicho?"

"Kigomasha."

"Haya. Lakini ukifika kitue penye jua, karafuu zangu hazijakauka. Na usikitikise, zitachanganyika na za watu halafu nije nigombe."

Nikakisukuma mpaka Msitu wa Ngezi. Njia hapo inaingia kivulini, na miti ilijibana kidogo ili tupite. Kilima kikasimama, kikajipangusa vumbi.

"Hakuna aliyewahi kunisukuma," kikasema. "Wote hunipanda, wakashuka, wakanitukana. Sasa ni zamu yangu. Panda baiskeli, nikushikie siti."

Ya kijani ikajongea mbele yangu, ikainama, ikasubiri.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kulisema hilo. Wala si kuanguka kulikonitisha, maana nimeshawafunga vidonda watu wengi na najua vinapona. Nilichoogopa ni kuonekana naanguka, mtu mzima mimi, mwenye banda la baiskeli.

"Naona haya," nikakiambia kilima.

"Mie nimesukumwa mchana kweupe na mwanamke aliyevaa sufuria," kikasema. "Haya zote za leo nimeshazimaliza mimi. Panda."

Nikalifunga dera kiunoni, nikakunja suruali, nikapanda. Kilima kikashika siti kwa nyuma. Nikaanguka upande wa kushoto. Mchanga wa pale ni laini, lakini mwiba ni mwiba. Nikapanda tena, nikaanguka upande wa kulia.

"Vizuri," ikasema baiskeli. "Pande zote mbili umeshazijua. Imebaki katikati."

Napanda tena. Kilima kinanisukuma polepole, na nasikia kinahema mgongoni mwangu.

"Tazama mbele," kinasema. "Gurudumu liache, linajua kazi yake."

Maneno hayo ni yangu. Huwaambia wageni kila siku, na sikuwahi kuyasikiliza. Nakanyaga. Usukani unatetemeka, kisha unatulia. Nakanyaga tena. Miti inarudi nyuma mmoja mmoja, upepo unaingia mikononi mwa dera na kutokea mgongoni. Nyuma kilima kinakimbia, vishindo vinatikisa msitu, karafuu zinamwagika, na Bi Asaa anawataja wazazi wangu wote wawili kwa majina yao kamili.

Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikacheka kwa sauti kubwa njiani, jambo ambalo kwetu mwanamke wa umri wangu hategemewi kulifanya.

"Usiniachie!" nikapiga kelele.

"Nilishakuachia zamani," kikasema kilima, pumzi juu juu. "Ni jamvi la Bi Asaa limenasa kwenye keria, ndiyo maana unanikokota. Punguza mwendo, bibi, mie ni kilima."

Nikageuka. Ni kweli, nilikuwa nakikokota, na Bi Asaa juu yake, na majamvi. Nikapeleka mkono nyuma, nikalinasua jamvi bila kushuka. Kilima kikatua palepale, penye jua, na Bi Asaa akasema hapo sawa. Kikanipungia mkono wa majani ya mkarafuu. Sikuweza kukipungia, mikono yangu ilikuwa na kazi.

Mbele yangu njia ikaisha na ufukwe wa Vumawimbi ukaanza. Maji yamekupwa, mchanga ni mgumu, mweupe mpaka upeo wa macho. Lakini katikati yake pana kizuizi cha boriti ya mkoko, na kwenye boriti ananing'inia popo mkubwa wa Pemba, kichwa chini, amevaa glavu nyeupe za askari wa barabarani.

"Simama. Chombo gani hiki?"

"Kazija, wa kukodi," ikajibu ya kijani.

"Kasoro wakati wa kutoka?"

"Hajui kuendesha."

"Na sasa?"

Baiskeli ikakohoa kidogo. Katika maisha yake haijawahi kusema uongo.

"Anajua."

"Basi hapiti," akasema popo. "Arudi kama alivyotoka. Alichokiongeza akiache kwenye kapu, kisha aende nyumbani kwake salama."

Chini ya boriti palikuwa na kapu la ukili, limejaa. Nikachungulia. Mlikuwa na kupiga mluzi kwa mtu fulani, kumefungwa kwa kamba. Mlikuwa na kupanda minazi. Chini kabisa mlikuwa na kuogelea, kumekunjwa vizuri kama khanga ya sikukuu, bado kubichi.

"Hivi vya nani?"

"Vya wanawake wa kwenu. Waliambiwa warudi kama walivyotoka, wakarudi."

"Hawakuja kuvidai?"

"Mpaka leo hajatokea."

Nikakugusa kule kuogelea, kukanukia mafuta ya nazi yaliyochemshwa na karafuu kidogo ndani yake. Mafuta hayo alikuwa akijipaka mama yangu, Mungu amrehemu. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona mama akiingia baharini zaidi ya magotini. Roho iliniuma. Iliniuma na papo hapo hasira ikanipanda.

"Hapa siachi kitu," nikamwambia popo. "Sharti nimeliandika mie, na nililiandika juu ya baiskeli, si juu ya mtu. Hakuna mteja wangu hata mmoja aliyewahi kurudi kama alivyotoka. Wanarudi wamebabuka pua, wana njaa, wanacheka hovyo na watu wasiowajua. Akirudi kama alivyotoka, basi ujue mvua ilinyesha, hakutoka."

Popo akafikiri. Ilimchukua muda, maana damu yote ilikuwa kichwani.

"Hilo sikuwahi kuambiwa," akasema mwishowe. "Hebu nione mguu wako wa kulia."

Nikamwonyesha. Akausogelea, akautazama kwa macho yake makubwa ya kahawia, akautazama tena. Alichokiona hakukisema. Akaishika boriti kwa glavu zake na kuiinua.

"Pita."

Nikakuchukua kuogelea kwa mama, nikakutia kifuani, nikapita. Nakanyaga kwenye mchanga mgumu, mnara wa taa unanisogelea kwa hatua ndefu, na kwa mbali inapigwa honi. Inapigwa tena.

Ilikuwa honi ya Faki.

"Dada Kazija!" aliita dirishani. "Wageni washashuka Wete, wako njiani! Wataka nitangulie mie? Sema sasa hivi, kabla hawajafika. Nitawaambia unaumwa."

"Ngoja ninawe uso," nikamjibu.

Nikatoka uani na kata ya maji. Jua lilikuwa limekwisha kupanda. Nilipoinama kunawa miguu, nikaiona alama. Mikononi mwangu mafuta ya mnyororo hayatoki mwaka mzima, hilo si jambo la kushangaza. Lakini haya yalikuwa kwenye mguu wa kulia, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo: vijino vyeusi vimejipanga kwa upinde, kila kimoja kimeacha nukta yake kwenye ngozi. Fundi hapati alama hiyo. Huipata aliyepanda, mguu ukagusa mnyororo wakati anakanyaga. Kila mgeni hunirudia nayo, nami humpa kitambaa chenye mafuta ya taa ajifute.

Kitambaa kilikuwa palepale ukutani. Nikakishika, nikakitazama, nikakirudisha kwenye msumari. Kisha nikavaa suruali, nikakunja mguu wa kulia mpaka juu.

Gari lao likaingia. Aliyeshuka mwanzo alikuwa mwanamke mrefu, kofia ya baiskeli kwapani, uso wa mtu asiyependa kuzungushwa.

"Salaam alaykum. Ndiye wewe Kazija?"

"Alaykum salaam. Ndiye mie, Bi Rehani. Karibuni Konde."

"Ahsante. Nikuambie ukweli, ndugu yangu. Siku ile kwenye simu ulinijibu upesi mno, nikawaambia wenzangu, huyu mtu hapandi. Njia nzima nimekuja na wasiwasi."

Faki alikuwa nyuma yangu, ameishika baiskeli ya kijani, na nilimsikia akivuta pumzi ili aanze kunitetea.

Macho ya Bi Rehani yakashuka, yakatua mguuni kwangu. Uso wake ukalegea, nikaona kumbe ni mtu wa kucheka.

"Alama hiyo haiazimwi," akasema, akavaa kofia yake. "Tangulia, dada. Sisi tuko nyuma yako."

Nikaipokea baiskeli mikononi mwa Faki, ambaye alikuwa amesahau kufunga mdomo, nikapanda.