Tuliomwota Ogutu

Mwaka wa sabini nyumba zetu zilikuwa bondeni, kando ya mto, chini ya Parklands. Ukisimama mlangoni asubuhi ulisikia kengele ya hekalu la Wahindi kule juu, na harufu ya vitunguu vyao ilikufikia kabla hujawasha jiko lako. Zilikuwa nyumba kumi na mbili za mbao na mabati, na karibu sote tulifanya kazi kwa dobi mmoja mkubwa wa Westlands. Mimi nilikuwa wa pasi. Kola, mikono, mgongo, halafu kifua, hivyo hivyo mpaka jioni.

Ogutu ndiye alikuwa katibu wa chama chetu cha wafanyakazi. Mara tatu alimwendea mwenye kazi kumwambia bomba la mvuke linavuja. Kabla ya mara ya nne bomba likapasuka, na yeye ndiye alikuwa mbele yake. Alikataa kabisa hospitali, akataka kitanda chake. Tulimbeba juu ya shuka za hoteli, na kesho yake akafa.

Mkewe, Peres, alimsindikiza mpaka kijijini kwao Alego wakamzika. Kwa Wajaluo, mjane hawi huru mpaka mumewe amjie ndotoni, waagane kama mke na mume. Kabla ya hapo haingii nyumba ya mtu mwingine, maana ataingia na kifo. Peres alingoja miezi miwili, usingizi mtupu. Wazee wakamwambia huyo mtu pengine bado yuko Nairobi pale alipokata roho, arudi akamngojee kitandani kwake.

Akarudi akatukuta tumegoma, na kila mlango umebandikwa karatasi ya kanjo, wale wa baraza la jiji: siku saba, tuhame. Mwenye kazi naye alituandikia kwamba tukirudi kazini atatusemea kwa kanjo watuache. Muthama, Mkamba aliyechukua kazi ya Ogutu ya ukatibu, alitusomea ile barua, akaikunja, akauliza, "Bomba ni lile lile. Nani anataka kuwa wa pili?" Hakuna aliyeinua mkono.

Mimi ni Mbukusu, mila ile si yetu, nikajiona mjanja. Nilimfuata Peres akichambua maharagwe.

"Dada, sema tu umemwota, uhame na sisi. Nani atajua?"

Alichambua mpaka ungo ukaisha.

"Yeye," akasema.

Siku ya nane kanjo wakaja na lori. Mkubwa wao aliitwa Oloo, mtu mnene mwenye sauti ndogo. Walibomoa kwa mpango, kuanzia juu kuja mtoni, na sisi tukitoa sufuria na godoro mbele yao. Walipofika kwa Peres alikuwa ameketi mlangoni. Alimwambia Oloo maneno machache ya Kijaluo. Mimi sikuyaelewa, lakini niliona mtaimbo wake ukishuka polepole mpaka ukagusa chini. Oloo akauliza kitu. Peres akatikisa kichwa.

"Nyumba hii sijaiona," Oloo akawaambia askari wake kwa Kiswahili. Halafu akamgeukia Muthama. "Mimi nina watoto. Wakitaka ibomolewe, walete mtu asiye na kwao."

Likabaki paa moja, na wagomaji kumi na mmoja nje. Kama kila mtu angeenda kwa ndugu yake, huyu Makadara, yule Kawangware, mgomo ungekufa kabla ya Jumapili. Tukamtazama Peres. Yeye hakuweza kuingia kwetu, lakini sisi tuliweza kuingia kwake. Alijua tunamwomba nini. Mume atamjia mkewe vipi mbele ya watu kumi na mmoja?

Peres akasema wanawake walale huku, wanaume kule, na kitanda chake asikiguse mtu.

Asubuhi ya kwanza, kwenye chai ya rangi, Muthama akasema amemwota Ogutu amesimama mlangoni akiita majina yetu. Ya pili akawa Kanini, yule wa kukunja mashuka: Ogutu alimshika vidole akimuuliza glavu ziko wapi. Ya tatu nikawa mimi. Nilimwona ukutani, mabega yakitoa mvuke, akitazama kama wote tumelala. Kila asubuhi mtu mwingine. Siku ya kumi na moja hakukuwa na ambaye hajamwota. Peres alitumiminia chai na kuuliza alivaa nini, alitanguliza mguu upi kuingia. Yeye hakuota kitu.

"Anakuja kwa chama," akasema. "Na mimi si mwanachama."

Nilimwonea huruma, nikaongeza yangu: eti Ogutu aliniuliza kama mkewe amekula.

Peres akacheka, mara ya kwanza tangu matanga. "Ogutu? Huyo angeuliza kama chakula kimebaki."

Siku ya kumi na mbili mwenye kazi akakubali bomba jipya, glavu, na mtu asifukuzwe kwa ajili ya chama. Bonde hatukulipata. Muthama alitutafutia vyumba vya kupanga Riruta, tukaondoka Jumamosi. Alimsihi Peres, aliyemwita shemeji, aje, hata kama ni kulala nje ya mlango wetu. Peres alikataa.

Jumatano nilipotoka kazini nikapitia kwake, jua bado liko. Nilikuta paa halipo. Mabati yalikuwa yamepangwa chini, na Peres ameketi ndani ya kuta akinyoosha misumari kwa jiwe. Niliogopa kuuliza.

"Amekuja," akasema mwenyewe. "Lakini alichelewa kufika kitandani. Alikuwa anainua miguu juu, hivi." Akasimama, akashika pindo la gauni, akanionyesha, hatua moja, hatua nyingine, kama mtu anayevuka tope. "Nikamwambia wagomaji wameenda, pita tu. Akaniambia ninyamaze, nitawaamsha."

Jua lilikuwa limeingia mpaka sakafuni, pale tulipokuwa tukilala. Niliinua ncha moja ya bati, yeye akainua nyingine. Tukatoka kwa kufuata ukuta, mimi mbele yeye nyuma, na hakuna kati yetu aliyekanyaga katikati.