Alfajiri ya Watu Wawili

Jumapili jioni Mama Pacha alibandika ratiba kwenye mlango wa kabati la vyombo. Aliiandika kwa kalamu mbili, nyekundu ya saa na bluu ya kazi. Saa kumi na moja kamili, kuamka. Na robo, sala. Na nusu, kusoma Neno. Saa kumi na mbili kasoro robo, kuwasha jiko. Mumewe, fundi wa kuchomelea mageti, aliisoma huku akitafuna mkate.

"Hii ni ratiba ya nyumba au ya kambi ya jeshi?"

"Cheka tu, baba. Mwenyekiti wa akina mama kanisani amesema nyumba isiyoanza na Mungu huanza na kelele."

"Hapo kasema kweli. Kwetu hata majirani hawahitaji saa ya kuwaamsha."

Alikuwa akitania, lakini hakukosea. Asubuhi zao zilikuwa vita. Mapacha wao wa miaka sita, wasichana wawili, waligombania kijiko kimoja wakati vipo vinane. Soksi zilipatikana chini ya kochi, daftari nyuma ya friji. Na katikati ya hayo yote fimbo iligonga ukutani kutoka chumba cha nyuma: ko, ko, ko. Huyo alikuwa mama mkwe akiita.

Mama mkwe alikuwa ameletwa pale miezi mitano iliyopita, baada ya kiharusi kumpoozesha upande wa kulia na kumnyang'anya maneno. Alikuwa mkunga kwa miaka thelathini, mwanamke aliyewaamrisha madaktari wakamtii. Sasa lilibaki neno moja tu kinywani mwake, na hakuna aliyejua kwa nini lilibaki hilo. Neno lenyewe lilikuwa "Jumanne". Akitaka maji, Jumanne. Akisikia baridi, Jumanne. Mwanzoni mapacha walimsahihisha kwa upole: "Bibi, leo Alhamisi." Alikasirika akatupa mto, nao wakaacha.

Mama Pacha alimwogopa tangu siku alipoolewa. Mama mkwe alipokuja kuwatembelea mara ya kwanza, alipitisha kidole juu ya kabati, akakiinua kikiwa na vumbi, akakitazama, akakifuta kwenye leso yake. Hakusema kitu. Afadhali angetukana. Ndiyo maana hata sasa Mama Pacha alimwosha, akamlisha na kumgeuza vizuri kabisa, lakini moyo wake ulikaa mlangoni ukingojea ruhusa ya kuondoka.

Jumatatu ratiba ilianza, na iliishia hapo hapo kwenye sala. Alipiga magoti kando ya kochi akasema, "Baba yetu mwema," na kilichofuata ni sauti ya mumewe ikimwuliza kama chai ipo. Alikuwa amelala fofofo, alama za kitambaa cha kochi zimemchora shavuni. Siku iliyofuata pacha mmoja alikojoa kitandani, ikawa ni kubadilisha mashuka mpaka kumekucha.

Jumatano aliamka na nia ya chuma. Alijimwagia maji usoni, akafunga mlango wa sebule, akapiga magoti. Hata dakika tano hazijaisha, ukuta ukalia: ko, ko, ko.

"Bwana, nipe nusu saa tu," alinong'ona. "Nusu saa yangu na wewe."

Ko, ko, ko.

Alijifanya hasikii. Akapandisha sauti ya sala, nayo fimbo ikapanda, wakawa kama watu wawili wanaoshindana sokoni. Kisha fimbo ikanyamaza. Mama Pacha akashukuru kwa ule utulivu, akafungua Maandiko, akasoma sura nzima kwa raha.

Alipoingia chumba cha nyuma alimkuta mama mkwe amegeukia ukuta. Shuka lilikuwa limelowa. Fimbo ilikuwa sakafuni, imeanguka mahali ambapo mkono wa kushoto usingeweza kuifikia. Mabega ya yule mkunga mkali yalikuwa yakitikisika, na Mama Pacha akaelewa kwamba analia. Alikuwa ameomba apelekwe msalani. Hakuwa na neno la kuombea, ila fimbo, na fimbo haikusikilizwa.

"Mama," alisema. "Nisamehe. Nilikusikia. Nisamehe, mama yangu."

"Jumanne," alijibu mama mkwe, bila kugeuka.

Asubuhi hiyo alifua shuka lile huku machozi yakimdondokea kwenye povu. Mumewe alipopita kuchukua buti zake za kazi alimweleza yote, hakuficha hata ile sehemu ya kupandisha sauti.

"Mama amelia?" mume akauliza. Akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Mimi sijawahi kumwona mama akilia. Hata siku tuliyomzika baba."

"Ratiba naibandua."

"Usibandue. Badilisha chumba." Akavaa buti moja, akafikiri, akavaa ya pili. "Kama Mungu anafika sebuleni, chumba cha nyuma kimemshinda nini?"

Alhamisi, saa kumi na moja kamili, Mama Pacha aliingia chumba cha nyuma na beseni la maji ya uvuguvugu, taulo, kigoda na Maandiko. Alimpeleka mama mkwe msalani kwanza. Kisha akaanza kumwosha, na huku anamwosha akaomba kwa sauti.

Siku za mwanzo aliomba kwa maneno ya kuvaa Jumapili. Alimsifu Mungu kwa majina marefu, akiwa na jicho moja kwa mama mkwe kama mwanafunzi mbele ya mkaguzi. Lakini siku ya nne mapacha walikuwa wameamka na kikohozi, mgongo ulikuwa unamwuma, na maneno mazuri yalikuwa yamekwisha.

"Mungu wangu," alisema akikamua taulo, "nimechoka mpaka kwenye kucha. Halafu huyu mama namwogopa. Unajua mwenyewe. Hata akiwa kimya ananiogopesha. Naomba unisaidie nimpende, maana kumwogopa nimeshaweza."

Alipofungua macho aliona mabega yale yanatikisika tena, akadhani amemliza. Kumbe mama mkwe alikuwa anacheka. Alicheka kwa nusu ya mdomo iliyokuwa inamtii, machozi yanamtoka, akipigapiga godoro kwa mkono wa kushoto. Mama Pacha alijaribu kujizuia, kicheko kikamponyoka, wakacheka wote wawili mpaka maji ya beseni yakapoa.

Tangu siku hiyo aliomba kama anavyoongea. Alimweleza Mungu habari za soksi, kikohozi na jirani anayechoma takataka karibu na dirisha lao, na mama mkwe akasikiliza kama mtu anayefuatilia tamthilia ya redioni.

Wiki ya pili, alipokuwa akimchana nywele, alianza kuvumisha wimbo wa zamani wa kanisani, ule unaoimbwa kila ibada ya asubuhi. Hakuufikiria, ulimtoka tu. Alipofika mwanzo wa ubeti, sauti nyingine ikaingia chini yake, ya mikwaruzo lakini iliyonyooka. Ilikuwa na maneno. Mama mkwe alikuwa anaimba, neno kwa neno, mstari kwa mstari, ubeti mzima bila kukosea hata silabi.

Chanuo likamwanguka Mama Pacha.

"Baba Pacha! Njoo! Njoo upesi!"

Mume alikuja mbio na mswaki mdomoni, akidhani kuna msiba. Alisimama mlangoni povu likimtiririka kidevuni, akamsikiliza mama yake akiimba ubeti wa pili. Kisha akaketi sakafuni, mtu mzima na ndevu zake, akalia kama mtoto.

Walipompeleka kliniki, muuguzi hakushangaa. "Kichwani, kuongea na kuimba havikai chumba kimoja," aliwaeleza. "Mlango wa kuongea umeziba, wa kuimba uko wazi. Pitieni huo huo. Mfundisheni maneno kwa tuni."

Basi chumba cha nyuma kikawa shule kila alfajiri. Sala, kusoma, kisha maneno ya kuimba: maji, mto, baridi, msalani. Mama Pacha aliimba, mama mkwe akaitikia. Siku moja, baada ya kuonja kifungua kinywa, bibi aliweka kijiko chini, akavuta pumzi, akatoa sentensi yake ya kwanza kwa tuni nzito ya wimbo wa maziko:

"Uji hauna sukariii."

Mapacha waligaagaa sakafuni kwa kicheko. Mama Pacha alifuata sukari huku amejishika mbavu.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Mkono wa kulia haukuamka. Zilikuwepo siku ambazo hata tuni iligoma, ikabaki Jumanne tupu na hasira yake. Zilikuwepo siku ambazo Mama Pacha alipitiwa na usingizi, akaamka jua limeshachungulia. Hapo aliingia na kusema, "Mama, leo tumechelewa, tutaomba kwa kifupi," na walifanya hivyo.

Asubuhi moja ya mvua, miezi mitatu baadaye, alikuwa amepiga magoti anamkausha miguu mama mkwe. Kabla hajaanza kuomba, alisikia kiganja kinatua juu ya kichwa chake. Mama mkwe alikuwa amefumba macho. Aliimba polepole, kwa tuni aliyoitunga mwenyewe, akivuta kila neno kama anachota maji kwenye kisima kirefu. Alimshukuru Mungu kwa mvua. Alimshukuru kwa mwanawe. Alimshukuru kwa watoto wawili. Kisha akakwama. Alitafuta neno, midomo ikahangaika, jasho likamtoka.

"Na huyu," aliimba mwishowe, akikikandamiza kichwa kile kwa vidole vyake. "Na huyu. Na huyu."

"Amina," alisema Mama Pacha.

Mama mkwe alifungua macho, akamnyooshea mguu wa kushoto avalishwe soksi.