Glavu Haiondoi Ukwe

Kijiji hiki nilikifikia kwa bahati tu, nikitokea Nzega, ambako nilikuwa nasafisha mchanga kwenye machimbo ya watu mpaka kiuno kikakataa. Nimetembea sana, na shule yangu niliisoma vipande vipande, darasa hili Manyoni, darasa lile Itigi, kwa hiyo msitegemee maneno makubwa. Nilichokiona ndicho nitakachokisema.

Mzee Dionis alinipa chumba kwa sababu moja: mimi Mgogo, yeye Mnyamwezi. Zamani wazee wake walipita kwetu na mizigo kwenda pwani, wazee wangu wakawatoza kwa kila kata ya maji, wakagombana mpaka wakachoka, wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana mbele ya wanao na usikasirike. Ukifa ndiye anayeshika mwili wako. Dionis aliponiona mlangoni na begi langu alimwambia mwanawe Mahona afiche mtungi, mwizi wa maji amefika. Nikajua nimepata pa kulala.

Mkewe alikwishafariki. Yeye mwenyewe alikuwa na ule ugonjwa wa wanaume wazee, mkojo hautoki mpaka utolewe kwa mpira. Mpira unaingizwa kunako, puto dogo la maji linaushika ndani, mfuko unafungwa pajani, ndivyo anavyoishi. Mpira huo haukai sana. Ukicheleweshwa kubadilishwa unaziba, ukiziba homa inaingia. Hospitali kubwa mjini walimwambia watampasua presha ikishuka, lakini kila alipofika pale baada ya njia ile ya mashimo, presha ilikuwa juu kuliko mara iliyopita. Akaacha kwenda.

Aliyembadilishia mpira ni Imakulata. Wanakijiji wanamwita daktari, ingawa mwenyewe anawaambia ni muuguzi. Zahanati waliijenga wao, matofali walichoma wao, lakini daktari hajawahi kupangwa pale. Wauguzi ndio waliokuja. Mmoja alikaa mpaka mvua za kwanza. Mwingine alishuka kwenye pikipiki, akainua simu juu kutafuta mtandao, akapanda pikipiki ile ile. Imakulata, mtoto wa Kihaya, alikuja akakaa. Alimshika Dionis bila kukunja uso, akimwita babu, wakibishana ndizi na michembe ya viazi vikavu kipi ni chakula na kipi ni adhabu. Mzee alikuwa akitoka pale anacheka.

Ndipo zikaja habari kwamba Imakulata ameomba uhamisho. Kijiji kikakaa kikao. Wengine walisema aongezewe shamba, wengine nyumba yake ipigwe rangi. Dionis akasema mtu haondoki kwa kukosa rangi, anaondoka kwa kukosa ndugu. Akamtazama Mahona. Mahona akatazama viatu vyake, maana kila mtu alijua ni nani alikuwa anampelekea muuguzi maji kwa baiskeli, na kwamba ndoo zilikuwa zinarudi kwa kuchelewa.

Basi hawakulazimishwa, nisiwasingizie wazee. Walipendana, mahari ikaenda Bukoba, padri akafungisha ndoa, na Imakulata akauondoa uhamisho wake. Kijiji kizima kilishangilia. Dionis alicheza ngoma na mfuko wake pajani. Tulikuwa tumewaza kila kitu, barabara, nyumba, shamba. Hakuna aliyewaza suruali.

Siku ya kubadilisha mpira ilipofika, Imakulata alikuja na kisanduku chake kama kawaida. Dionis alikuwa uani. Alipomwona aliinuka, akapita nyuma ya nyumba, akasimama huko. Kwao mke wa mwanao hakuoni hata ukinawa miguu. Hamkai mkeka mmoja, hampeani kitu mkono kwa mkono. Na huyu alikuwa amekuja kumvua.

Imakulata alisemea pale pale uani, mgongo ameugeuza kwa heshima.

"Baba, ni mimi yule yule. Nitavaa glavu."

"Glavu haiondoi ukwe, mama."

"Basi nifunge macho?"

"Utaona kwa mikono."

Nilimwambia Dionis kwamba huyu alishamwona mara nyingi tangu hajawa mkwe, hakuna kipya alichobakiza huko. Hilo nililisema kama mtani, na nilitegemea acheke. Hakucheka. Akasema zamani huyu alikuwa daktari, sasa ni mama wa wajukuu wake, na laana ya jambo hilo haimpati yeye mzee wa kufa kesho, inawapata watoto watakaozaliwa. Imakulata alishika tumbo. Tulikuwa hatujajua bado. Akasema na kazi yake nayo inamkataza kumgusa mtu mzima aliyekataa. Akachukua kisanduku akaondoka.

Mahona hakuweza, mtoto haoni utupu wa baba yake. Tukampandisha mzee kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya, ambako yuko tabibu mwanamume. Mmoja tu. Tulimkuta hayupo, ameitwa semina. Wagonjwa walikuwa wamejaa kwenye majani, wengine wamelala pale tangu jana. Yuko muuguzi mmoja wa kike, lakini alikuwa na mama anayejifungua, na nyuma yake mwingine, na nyuma yake mwingine. Tulingoja mpaka jua likainama. Dionis alikuwa ameuma kola ya shati lake. Tukarudi naye na mpira ule ule.

Mtu wa kumshika alikuwa amebaki mimi. Mtani anaona kila kitu, hana ukwe na mtu. Imakulata alinifundisha kwa kutumia kipande cha mpira wa baiskeli, mara nyingi, mpaka akaniambia vizuri, kwa sauti ya mtu asiyeona chochote kizuri. Halafu akatundika shuka mlangoni, akakaa upande wa pili, na mimi nikaingia.

"Umenawa?"

"Nimenawa."

"Toa maji ya kwenye puto kwanza, ndipo uvute. Usivute kwa nguvu."

"Anatetemeka huyu Mgogo," Dionis alisema. "Ng'ombe wangu watamaliza karanga za watu nikiwa hapa nangoja."

Mikono yangu imeshika sururu na koleo miaka yote. Macho yangu yana ukungu. Wa zamani niliutoa. Mpya ulikataa kuingia, nikasukuma, Dionis akakaza meno, nikaona damu. Nikasema, damu. Upande wa pili wa shuka Imakulata aliuliza nyingi au kidogo, na mimi sikujua nyingi ni kiasi gani. Aliniambia nichomoe. Nikasikia amesimama. Kivuli chake kilikuja mpaka kwenye shuka kikasimama hapo.

"Usiingie, mama," Dionis alisema. "Nakuomba."

Hakuingia.

Usiku ule tumbo lake lilivimba likawa gumu. Mvua ilikuwa imekata daraja, pikipiki haipiti. Kufika asubuhi alikuwa anaungua, anaongea na marehemu mkewe kwa Kinyamwezi, halafu hakuongea tena. Nilimpiga mashavu. Nikamwita kwa matusi yote ya utani. Hakufumbua jicho. Nikatoka nje nikamwambia Imakulata kwamba mzee hana habari ya mtu yeyote sasa.

Alilivuta shuka likaanguka. Hata mimi hakunitazama. Mkojo uliotoka ulijaza beseni, mweusi, na harufu ilimtoa Mahona uani. Alimtundikia dripu, akamchoma sindano alizokuwa nazo, akamfuta, akamfunika mpaka shingoni kama alivyomkuta, akatoka, akalitundika shuka tena.

Jioni ya siku ya pili mzee alifungua macho. Akapeleka mkono pajani, akaupata mfuko.

"Nani kaniweka?"

Nyuma ya shuka nilisikia kisanduku kinafungwa.

"Mimi," nikasema.

"Hukuniumiza safari hii. Kumbe unajifunza." Akalala kidogo. "Basi utakuwa wewe, kila mara. Usiende kokote."

Mimi sijawahi kukaa mahali zaidi ya msimu, na huu wa tatu sasa nipo. Tabibu wa kiume tumeomba, wametujibu subirini, na yule wa kituo cha afya kila tukienda hayupo. Imakulata amejifungua, na Dionis anambeba mjukuu. Mpira unapofika wakati wake naingia, najaribu, nashindwa. Tunangoja mkojo uzibe. Imakulata anakaa upande wa pili na kisanduku mapajani, akisikiliza baba mkwe wake anavyokoroma, mpaka azimie. Akizimia, anatibiwa.

Kila mara anachelewa zaidi kuzinduka.