Alama za Makaa Nyuma ya Mlango

Kwamboka si mtu wa kuchezewa akili mchana kweupe. Miezi mitatu sasa alikuwa akichuma chai peke yake, kikapu mgongoni, huku mumewe Momanyi ameketi jikoni akilalamikia bega. Ati aliteleza na gunia la mahindi, ati mkono wa kulia haupandi. Sawa. Lakini Jumatatu, kule Kisii mjini, aliona kwa macho yake mawili: daktari wa mazoezi ya viungo aliushika mkono huohuo kwenye kiwiko, akaupandisha polepole mpaka ukagusa sikio. Haukukwama popote!

"Kumbe unapanda," Kwamboka alisema.

"Yeye ndiye anaupandisha, Mama Linet," Momanyi alijibu, akiangalia chini.

Akiangalia chini! Mtu anayesema kweli anatafuta nini sakafuni? Kwamboka alirudi nyumbani Nyansiongo na shaka yake. Akakata shauri: Jumapili, Sabato ikishapita, angemshtaki mbele ya ndugu zake, na ikiwa ni uvivu, angemchukua binti yao Linet warudi kwao Masimba.

Halafu akaona zile alama. Mistari mifupi ya makaa ukutani, nyuma ya mlango wa stoo, usawa wa kifua. Alipouliza, Momanyi alisema hajui. Weee! Hajui, na vidole vyake vimejaa weusi?

Ijumaa alijifanya anaenda shambani, akazunguka nyuma ya migomba, akachungulia dirisha la stoo. Leo utanitambua, alisema moyoni.

Momanyi alikuwa ameuelekea ukuta. Vidole vya mkono wa kulia vilitambaa juu, kimoja baada ya kingine, mpaka usawa wa kifua. Hapo mkono ukaanza kutetemeka. Jasho likamtoka, akauma mdomo, akasukuma. Wapi! Mkono ukaanguka. Akaokota kipande cha makaa kwa mkono wa kushoto, akachora pale ulipofika. Ilikuwa chini ya alama ya jana.

Kwamboka aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Akaingia bila kubisha, akamshika kiwiko kama alivyomwona daktari, akaupandisha mkono ule polepole hadi juu kabisa. Ulikuwa mzito kama wa mtoto aliyelala. Akamnyang'anya yale makaa ili atie alama huko juu.

"Hapo usichore," Momanyi alisema. "Hizo ni nguvu zako."

Kwamboka alibaki ameushikilia, akiogopa kuuachilia.